Dobi Aliyeziba Pumzi ya Injini

Mchukia kamasi hazibi pua. Vijana, mmeisikia leo kwa mara ya kwanza na mnataka kujua ilikotoka. Wapo watakaowaambia kwamba ni ya kale. Methali yoyote ikishatimiza miaka mitano huanza kudaiwa hivyo. Hii ilizaliwa Korogwe kwa sababu ya dobi mmoja, na mambo yalikwenda hivi.

Semkiwa alikuwa dobi asiyevumilia doa. Burudani yake ilikuwa kurusha ndege ndogo ya kuongozwa kwa rimoti, ambayo mabawa yake aliyavika hariri nyeupe. Injini yake ya mipigo minne aliachiwa na marehemu mdogo wake, Shekue. Mjini hapakuwa na nyingine mfano wake, wala Semkiwa hakuitaka nyingine.

Chini ya tumbo la injini hiyo palikuwa na kitundu cha kupumulia. Kila ndege iliporuka, kitundu kilitema mafuta meusi, nayo yakatapakaa kwenye hariri. Semkiwa alifua, akarudia kufua, hata akahisi kwamba chuma kinamdharau. Siku ya maonyesho ya chama chao cha warusha ndege ndogo, bila kumshauri mtu, alikaza skrubu katika kitundu. Miaka thelathini ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba doa hukomeshwa kwenye chanzo chake. Kwa mashati, hoja hiyo ni sahihi.

Ndege ilipaa nyeupe pepe. Katika mzunguko wa tatu mlio ukawa mzito, kisha mafuta yakafoka nyuma ya rafadha, lile panga la mbele linalozunguka, na kuyapaka mabawa yote. Injini ikazimika juu ya shamba la mkonge. Semkiwa, ambaye hakuwa mtu wa dua, aliomba ivuke ile miiba tu. Ndege iliteleza kimya, ikakwaruza ncha za mkonge wa mwisho, ikatua uwanjani.

Namkunda, fundi wa pikipiki na mwanachama mwenzake, aliinama akaiona skrubu.

"Hii umeiweka wewe, kaka?"

"Nilichoshwa na uchafu, Fundi."

"Nayo imechoshwa na wewe. Moshi hupenya pembeni mwa pistoni ukajaa tumboni. Ukiuzibia njia, utatokea kwenye beringi pamoja na mafuta yote. Ukishikwa na mafua, kaka, pua unaikazia skrubu?"

Watu walicheka. Semkiwa aliuliza neno moja.

"Imekufa?"

 Namkunda aliitoa skrubu, akazungusha rafadha kwa kidole, akasikiliza beringi, akazungusha tena.

"Haijafa. Imenuna tu."

Semkiwa akaketi palepale, juu ya nyasi zilizolowa mafuta, na suruali yake nyeupe, akashusha pumzi ambayo kila mtu aliisikia. Hakuinuka upesi.

Namkunda alichomeka mpira mwembamba kwenye kitundu, akaupitisha chini ya tumbo la ndege hadi nyuma ya magurudumu, ili mafuta yadondoke ardhini bila kugusa hariri. Jioni hiyo ndege iliruka tena, ikitema ilivyopenda. Semkiwa aliyatazama matone yakianguka kwa utulivu wa mtu aliyerudishiwa alichokwisha kukiaga.

Methali hiyo aliisema Namkunda siku hiyo, kwa maneno zaidi: mchukia kamasi hazibi pua, hutafuta leso. Watu wameliacha hilo la leso, kwa kuwa ndilo linalomtaka mtu afanye kazi. Lililobaki ni hili, na sasa mnajua lilimgharimu nani: mchukia kamasi hazibi pua.