Stoo ya Mkusanya Sarafu

Upepo wa Amarillo, mji wa Texas, hauna adabu. Asubuhi ile ulikuwa ukiwarushia watu vumbi usoni, nao wamejipanga mbele ya safu za stoo za kupangisha, kahawa mkononi, kofia zimekandamizwa hadi masikioni. Mpangaji wa stoo akiacha kulipa kodi kwa miezi kadhaa, mwenye jengo hukata kufuli na kukipiga mnada kila kilichomo, kiwe kitanda cha thamani au takataka tupu. Wanunuzi ni walewale kila mwezi. Wanajuana kwa majina, kwa magari na kwa hila zao.

Verlon Tackett alikuwa mmoja wao. Yeye na mkewe Nadine walikuwa na duka la fanicha kuukuu, nao waliishi kwa kutengeneza viti vilivyovunjika miguu na kuviuza vikiwa vizima. Lakini mashine yake ya kukerezea mbao ilikuwa imekufa tangu kiangazi, na mafundi walikwisha kunawa mikono. Bila mashine hakuna miguu ya viti, na bila miguu ya viti duka lingefungwa kabla ya Krismasi. Mpya hawakuimudu hata kidogo. Verlon alikuwa hodari wa kazi, sitamnyima haki yake, ila hakujua kushinda bila kwanza kumtega mwenzake.

Desturi ya mnada ule ilikuwa kufungua milango yote kwanza, watu wakapita wakichungulia kwa tochi. Kuvuka kizingiti ni marufuku, kugusa ndiyo usiseme. Macho tu. Kisha mnada huanzia mlango wa kwanza na kwenda kwa zamu, na anayeshinda hulipa taslimu palepale na kuutia mlango kufuli lake; hakuna cha nitakuletea kesho.

Siku ile stoo zilikuwa mbili. Ya kwanza ilijaa maboksi yaliyopangwa hadi darini, yote yamefungwa kwa utepe, tena mazito, maana ya chini yalikuwa yamebonyea. Ya pili ilionekana kuwa na magodoro machafu na baiskeli mbovu. Verlon aliimulika na kutaka kuondoka, mara mwanga ukaangukia mguu wa chuma uliochomoza chini ya blanketi. Moyo ulimruka. Mguu ule angeutambua hata kwa kuupapasa. Ilikuwa mashine ya kukerezea, kubwa kuliko yake iliyokufa.

Akazima tochi taratibu. Nyuma yake alikuwa anakuja Rubén Arredondo, muuza vyombo na zana wa gulio la Jumapili, na Arredondo hakuwa mjinga. Akiuona mguu ule angeipigania stoo hadi senti ya mwisho.

"Bwana Arredondo," Verlon alisema, akimshika bega na kumgeuza, "mimi na wewe tumetoka mbali. Nikunong'oneze?"

"Wewe ukininong'oneza, mzee, nashika mfuko wangu kwanza."

"Cheka tu. Unaona yale maboksi? Ya mzee mmoja mpweke, mkusanya sarafu. Sarafu za fedha, bwana, za zamani. Kafa bila mtoto wala mjukuu. Unadhani kwa nini yamebonyea vile?"

"Na wewe mbona huyataki?"

"Nani kasema siyataki? Pesa anazo Nadine, na bado hajafika. Nikikosa mimi, heri upate wewe kuliko wale wageni wa Dallas."

Habari ya pesa, angalau, ilikuwa kweli. Nadine ndiye aliyeshika pesa zao, kwa kuwa Verlon akipandwa na mori wa mnada hakujua pa kusimama. Asubuhi ile alikuwa amempelekea mteja meza, na angefika baadaye. Verlon hakumpigia simu kumweleza hila yake. Alimjua mkewe: angemwamuru akawaombe watu radhi mmoja mmoja.

Punde uongo ulikuwa umezunguka uani kote, tena umenenepa. Sarafu za fedha zilikuwa zimeota dhahabu. Verlon alifurahi kimoyomoyo. Wamalizie pesa zao kwenye maboksi, kisha yeye na Nadine wajiokotee magodoro kwa bei ya bure.

Lilibaki jambo moja. Watu wakimwona amekunja mikono wakati maboksi yananadiwa, wangeshtuka. Basi dalali alipoanza kupaza sauti, Verlon alijipenyeza hadi nyuma ya ofisi, akajifungia chooni kungoja makelele yaishe.

Wakati huohuo Nadine aliegesha pikapu yao getini, bahasha ya pesa ndani ya koti. Alimtafuta mumewe kwa macho, hakumwona. Alichoona ni watu wakishindana kupandisha bei kama waliopagawa.

"Kuna nini humo?" alimuuliza Bi Ocie, mama mtu mzima anayenunua nguo kuukuu.

"Sarafu, mwanangu. Mzee kafa kaacha utajiri wake wote humo. Kila mtu anajua."

"Verlon je, yuko wapi?"

"Sijamwona tangu waanze. Itampita hivihivi."

Nadine hakuwa mtu wa pupa. Aliyatazama maboksi, akawatazama wanunuzi wazoefu wakiumana, akasema moyoni kwamba hawa wote hawawezi kuwa wapumbavu. Akainua mkono. Arredondo akaongeza. Nadine akaongeza, Arredondo naye, hadi Nadine akafikia noti ya mwisho ya bahasha. Hapo Arredondo akatikisa kichwa na kurudi nyuma.

Verlon alipotoka, umati ulikuwa umehamia mlango wa pili. Akamkimbilia mkewe.

"Umefika wakati mzuri, mpenzi. Inua mkono, hii ndiyo yetu. Usiogope magodoro."

"Niinue mkono na nini?" Nadine alicheka, akamwonyesha kufuli lao likining'inia kwenye mlango wa kwanza.

Verlon alilitazama kufuli, akaugeukia mlango wa pili. Mbele yake dalali alikuwa akinadi magodoro na hakuna aliyeyataka. Arredondo, pesa zake zote zikiwa bado mfukoni, aliyachukua kwa bei ya chakula cha mchana. Akalipa, akaingia, akavuta blanketi, akapiga mbinja.

Mume na mke wakafungua maboksi yao. La kwanza lilikuwa na vitabu vya namba za simu, vya miaka ya nyuma sana, havijafunuliwa hata ukurasa. La pili vilevile, na la tatu. Yaelekea mwenyewe alilipwa avisambaze nyumba kwa nyumba, akaona afadhali avifungie. Na mnunuzi wa stoo lazima aondoe kila kitu na kufagia sakafu, tena jalalani hapapokei mzigo bure.

Arredondo alikuja kuchungulia. "Pole, dada Nadine. Ungeniachia, leo ningelia mimi."

"Nani aliwaambia kuna sarafu?"

Arredondo alimtazama Verlon, kisha akatazama viatu vyake mwenyewe. "Muulize mzee hapo. Mimi, yeye ndiye aliyeninong'oneza."

Nadine hakupiga kelele. Aliketi juu ya boksi, akamgeukia mumewe.

"Ulitaka nani anunue?"

"Yeyote," Verlon alisema. "Ila si wewe."

"Mimi nilinunua kwa ajili yako. Nilisema tukiziuza hizo sarafu, utapata mashine mpya, ambayo haijaguswa na mtu."

Verlon aliona haya kuliko alivyopata kuona maishani mwake, na kilichomchoma hakikuwa pesa. Uani Arredondo na wenzake walikuwa wakiipakia ile mashine garini, wakiambizana waushike vizuri mguu wake. Verlon aliinama, akabeba boksi la kwanza. Kisima alimchimbia Arredondo, akamtumbukiza mkewe, kisha akafuata yeye. Na hukumu yake ilikwisha kukatwa na wahenga zamani: mchimba kisima huingia mwenyewe.