Msiba Ndani ya Benki

Meneja Kihwelo wa benki ya pale mjini alikuwa akikata ada ya akaunti kila mwezi, uweke pesa usiweke. Asubuhi moja Sikudhani, muuza vitumbua, aliingia amejitanda kanga, akatandika mkeka mbele ya madirisha ya makarani, akaanza kulia. Meneja akatoka mbio.

"Mama, kuna nini?"

"Nimefiwa, baba. Na amefia humuhumu mwenu. Nilimleta mzima kabisa, akawa anakonda kila mwezi, nanyi mnamtazama tu."

Watu kwenye foleni wakaanza kunong'ona. Meneja akachuchumaa.

"Punguza sauti, mama. Mazishi yanahitaji kiasi gani?"

"Elfu themanini zitatosha."

Akazitoa mfukoni mwake, akamkabidhi kama rambirambi. Sikudhani akazifunga kwenye pindo la kanga na kukunja mkeka.

"Lakini marehemu mwenyewe ni nani?"

"Akiba yangu, baba. Ilikuwa elfu themanini, makato yenu yakaimaliza."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Meneja naye akajichekesha.

"Basi zilete dirishani tukuwekee kwenye akaunti."

"Hapana, baba. Hizi nataka zizeeke."