Epafra Mwonja Mkate na Neno la Kiyunani

Hapo zamani, nchi ya Kirangani ilipokuwa na mfalme wake na majivuno yake, aliishi mwoka mikate mmoja jina lake Epafra, mtu fukara wa kupindukia, ambaye mali yake yote ilikuwa mikono miwili na mdomo mmoja. Alikuwa na mke, Persisi, na watoto watano wasiojua kula kidogo.

Basi Mfalme Nikanori, aliyeipenda elimu kuliko alivyoiweza, aliletewa Injili iliyoandikwa kwa Kiyunani. Wanazuoni wake wakamsomea Sala ya Bwana, wakafika pale waumini wanapoomba mkate, wakakwama. Mkate ule ulielezwa kwa neno epiousion, na neno hilo halionekani karibu popote pengine. Mwanazuoni wa kwanza akasema ni mkate wa leo. Wa pili akasema ni wa kesho. Wa tatu akasema ni mkate wa kutosha tu. Wa nne alikuwa amesinzia, lakini alipoamshwa akawapinga wote.

Mfalme akaingiwa na hofu kwamba raia wake wamekuwa wakila mkate usio wenyewe. Akapiga mbiu kwamba asile mtu mkate asioujua maana yake, na tanuri zote zizimwe mpaka wanazuoni waelewane. Ikaachwa tanuri moja tu, ya jumba la mfalme, kwa kuwa wanazuoni walisema hawawezi kuuchunguza mkate bila kuula.

Ikawa wiki ya tatu, wanazuoni wamenenepa na neno halijajulikana. Nyumbani kwa Epafra walikula mchicha asubuhi, mchicha mchana, mchicha jioni, hata Persisi akamwambia mumewe kwamba watoto sasa wanalia wakiona jani lolote. Epafra akashikwa na uchungu, akavaa shati lake lililobaki mkono mmoja, akaenda kwa mfalme.

Akasema ataipata maana ya neno lile kabla ya jua la kesho kuchwa, mradi afanywe mwonjaji wa mfalme kwa siku moja. Desturi ya jumba lile, tangu babu yake mfalme alipouawa na mchuzi, ilikuwa hivi: mfalme hagusi kitu mezani mpaka mwonjaji aonje mkate, kisha atamke mbele ya wote, "Nimeujua, Mfalme na ale." Mfalme akakubali, ila akamwonya kwamba akishindwa atafungiwa katika mojawapo ya tanuri zilizozimwa, na kwa kuwa ni baridi, atakaa humo mpaka wanazuoni waelewane. Epafra akapiga hesabu moyoni, akaona hicho ni kifungo cha maisha.

Kesho yake asubuhi ukaletwa mkate wa moto, wenye ufuta juu. Epafra akamega, akatafuna, akafumba macho. Akamega tena. Alipoumaliza wote akainama kwa adabu, akasema bado hajaujua, aletewe mwingine. Hadi adhuhuri alikuwa amekula minne, na kila mfalme aliponyoosha mkono, mwonjaji alimkumbusha mbiu yake mwenyewe. Wanazuoni nao, ambao hula baada ya mfalme, wakaanza kutazamana vibaya. Yule wa kwanza akamnong'oneza atamke tu kwamba ameujua, yaishe.

"Mwalimu," akasema Epafra, "waniagiza niseme uongo juu ya Maandiko?" Akamega wa tano.

Ilipofika alasiri mfalme alitokwa jasho, tumbo lake likinguruma hata walinzi wakajifanya hawasikii.

"Ewe Epafra, tamka nile."

"Udumu, Bwana wangu. Ule mkate upi? Wa leo, wa kesho, au wa kutosha?"

"Wowote."

"Wa kesho haujakandwa bado. Waweza kungoja."

"Nipe leo, ewe mtu! Nipe sasa hivi!"

Epafra akapiga magoti. "Ee Mfalme, neno la Kiyunani silijui, na hata baada ya mikate saba bado silijui. Ila raia wako wanaomba kama ulivyoomba sasa, kwa wiki tatu, nawe ndiwe uliyezima tanuri."

Uso wa mfalme ukasawijika kwa haya. Kisha akacheka, kwanza kidogo, halafu mpaka taji likamwangukia sikioni. Akaamuru tanuri ziwashwe saa ile ile, na Epafra awe msimamizi wa zote. Wanazuoni wakapewa aproni, wakande unga chini yake mpaka waelewane, nao wakaelewana kabla unga haujaumuka.

Epafra akarudi kwake na kapu kubwa la mikate kichwani. Persisi na watoto wakala, wakamlilia naye ale. Akaomba mchicha.