Mtamba Mmoja, Waponyaji Watatu

Kulikuwa na watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Anyisile wa Tukuyu alikuwa na jicho. Akipita shambani mara moja tu, angekuambia ni mgomba upi umeanza kuinama tangu jana. Kombo Faki, Mpemba aliyefanya kazi katika maabara ya hospitali kubwa, alikuwa na subira ya kusoma. Angepitia maelfu ya herufi za kinasaba bila kuruka hata moja. Nyanzala, wa maabara ya pili ya hospitali hiyo, alikuwa na mikono. Sindano nyembamba kuliko unywele ilitulia vidoleni mwake utadhani imegandishwa. Aliyewakutanisha watatu hawa ni Tusekile, mdogo wake Anyisile.

Tusekile alikuwa mwalimu wa chekechea. Watoto walimpenda kwa kuwa alijua kuimba, na hakuona haya kutambaa sakafuni akijifanya chui. Lakini tangu utotoni alikuwa na kifafa, na alipotimiza miaka ishirini na sita kilimzidi. Alianguka mbele ya darasa mara mbili katika juma moja. Wazazi wakaogopa, na mwalimu mkuu akamwomba kwa upole akapumzike nyumbani. Akapumzika zaidi ya miaka miwili. Kuanguka alikuwa amekuzoea. Kilichomuuma ni kusikia kengele ya shule kila asubuhi na kubaki palepale alipoketi.

Dada yake Anyisile ndiye aliyeanza. Alinunua daftari, na kila mdogo wake alipoanguka aliandika: saa ngapi, alikuwa akifanya nini, mwili ulikuwa wa moto au wa baridi, ilichukua dakika ngapi. Mwaka ulipoisha akaona mambo mawili ambayo hakuna aliyekuwa ameyaona. Tusekile alianguka zaidi siku za homa. Na sindano ya diazepamu, dawa iliyowatuliza wagonjwa wengine wa kifafa pale zahanati, kwake haikufanya lolote. Anyisile akapanda basi na daftari lake mpaka hospitali kubwa. Daktari alilisoma mara mbili, kisha akamwita Kombo.

Tusekile akaletwa, Kombo akamtoa damu, akaanza kusoma herufi zake za kinasaba. Alimweleza kwamba seli za ubongo zina vipokezi vya kupokea ujumbe wa kutulia. Kila kipokezi kimejengwa kwa vipande vitano vilivyosimama kwa duara, na katikati yao kuna tundu. Ujumbe ukifika, tundu hufunguka, chembe za chumvi ziitwazo kloridi huingia ndani, na seli hunyamaza. Baada ya miezi mitatu ya kusoma, Kombo aliipata herufi moja iliyokosewa, katika maelekezo ya kipande kimoja kati ya hivyo vitano. Na diazepamu hukaa hasa kati ya kipande hicho na jirani yake. Kikiwa na kasoro, dawa haipati pa kushika vizuri. Tusekile alilia siku hiyo, kwa sababu kwa mara ya kwanza ugonjwa wake ulikuwa na mahali unapokaa.

Lakini kujua kosa lilipo si kupona. Nyanzala alichukua mayai ya chura, akadunga ndani yake maelekezo ya kujenga kipokezi cha binadamu, kile kipande chenye kasoro kikiwemo. Siku chache baadaye mayai yalikuwa yamejenga vipokezi kama vya Tusekile. Tusekile alipoletwa kuyaona, aliinama akayatazama.

"Kwa hiyo ubongo wangu umo ndani ya yai la chura?" akauliza.

"Kipande chake tu," alijibu Nyanzala. "Na ni kikaidi kama mwenyewe."

Wakacheka mpaka mlinzi akachungulia. Nyanzala alipima umeme uliopita katika kila yai, akijaribu dawa moja baada ya nyingine. Diazepamu ilisukuma kidogo mno. Dawa ya tisa, inayoshika kipokezi upande mwingine kabisa, ilifungua tundu vizuri. Madaktari wakamwanzishia Tusekile dawa hiyo kwa kipimo kidogo.

Mwezi ukapita bila kuanguka. Kisha sita. Mwaka ulipotimia, Tusekile alirudi darasani, na watoto wapya wakamkuta chui sakafuni.

Baba yake, Mzee Ambakisye, akafanya karamu ya shukrani. Ndizi zilipikwa, nyama ikachomwa, kwaya ikaimba mpaka majirani wa bonde la pili wakaja bila kualikwa. Ndipo mzee alipotoa mtamba mwekundu aliyenona, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, akasema mbele ya watu wote kwamba ni wa yule aliyemponya binti yake. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Kombo alisema kwa tabasamu kwamba bila yeye, wangekuwa bado wanapapasa gizani. Nyanzala akamkumbusha kwamba jina la kosa halimwinui mtu sakafuni. Dawa imetoka kwenye mayai yake. Wageni wakapiga makofi kwa kila mmoja. Anyisile alikuwa akigawa chai, mpaka shangazi yake alipomsukuma aseme.

"Mimi sijui kloridi," alisema. "Lakini nyinyi nyote mlikuja kwa sababu ya daftari."

Mtu mmoja akashauri mnyama auzwe wagawane. Mzee alikataa. Alikuwa ametamka mtamba mmoja kwa mtu mmoja, na hakutaka kurudi nyuma mbele ya wageni. Akamkabidhi Tusekile kamba.

"Mwanangu, ulioponywa ni mwili wako. Amua wewe."

Tusekile alisimama uwanjani, kamba mkononi, moyo umejaa furaha mpaka unamlemea. Alimtazama dada yake, akamtazama Kombo, akamtazama Nyanzala. Kila alipomwondoa mmoja katika mawazo yake, alijikuta amerudi kwenye kile kiti cha nyumbani, akisikiliza kengele. Mtamba alivuta kamba kuelekea kwenye majani, na watu wote walikuwa wakimsubiri Tusekile.

Nanyi mnaonisikiliza, kamba ingekuwa mkononi mwenu, mngempa nani? Aliyeona, aliyesoma, au aliyejaribu? Je, wewe ungeamua vipi?