Nyuzi Nne za Shomari

Sogeeni. Mwenye sikio alete sikio, asiye na sikio alete kiganja, maana hadithi hii inasikika hata kwa nyayo. Na ikifika mwisho msiniulize jibu. Mimi ndiye nitakayewauliza ninyi.

Mji Mpya, Morogoro, alikuwepo mwanamke akiitwa Bi Sikudhani. Homa ilimchukulia masikio akiwa bado binti. Maneno alikuwa akiyasoma midomoni mwa watu, na ndiyo maana umbea wa mtaa ule ulimfikia yeye kwanza: watu walinong'ona ng'ambo ya barabara wakidhani wamejificha. Lakini jogoo, adhana, mvua juu ya bati, vyote kwake vilikuwa kimya. Kitu kimoja tu duniani kilibaki na sauti, nacho ni gitaa la besi la mumewe, Shomari Mloka. Shomari akipiga uani, sauti ilipanda kwenye benchi, ikapita mifupani, ikaja kukaa kifuani mwa mkewe kama mgeni aliyezoea nyumba. Tusemane ukweli, Shomari alikuwa na mke wa pili kule Mafisa. Yeye alilala zamu huku na huku. Besi ililala kwa Bi Sikudhani.

Na besi ile ilikuwa na nyuzi za namna yake. Nyuzi za wengine huzungushiwa waya wa mviringo, zinakwaruza kidole. Za Shomari zilizungushiwa utepe bapa wa chuma, laini kama tumbo la kambare, na kwa miaka kumi na minane hakuzibadilisha. Alisema uzi bapa ni kama sufuria ya wali, utamu wake uko kwenye kuzeeka.

Alipoona siku zake zimekwisha, alimgeuza mkewe uso ili asome midomo.

"Sikudhani, nikishafukiwa, Kanjenje atalichezea gitaa langu, namjua. Atakayelirudishia sauti yangu, mpe, liwe lake. Sisemi sauti nzuri. Sauti yangu. Utaijua wewe."

"Na nikishampa, mimi nibaki na nini?"

Shomari akatabasamu, akafumba macho. Wanaume wana tabia ya kufa katikati ya swali.

Kanjenje alikuwa kiongozi wa bendi aliyopigia Shomari, mtu wa viatu vinavyong'aa. Hata wiki haikuisha. Alizitazama zile nyuzi nyeusi kwa jasho la miaka, akasema ni aibu, akazifungua akazitupa jaani. Akaweka mpya, bapa vilevile, ila nene, akazikaza kama kamba ya kuanikia blanketi. Shingo ya gitaa ikapinda kama upinde. Ukibonyeza uzi, unakusukuma kidole kama mlango uliofungwa kwa ndani. Siku ya arobaini wakalipiga uani, watu wakasifu. Bi Sikudhani, aliyekuwa ndani kwenye eda, alitoa mkono dirishani akabandika kiganja kwenye ubao wa gitaa. Akakibandua, akakibandika tena. Hakukuwa na mtu mle. Akarudisha mkono, akakaa miezi iliyobaki katika kimya ambacho hata yeye, kiziwi, hakuwahi kukijua.

Sasa nawatajia watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Havijawa, yule mke mwenza wa Mafisa. Kipaji chake ni kutotupa kitu. Kwake utakuta vifungo vya shati la mtu aliyemwacha kabla hujazaliwa.

Wa pili ni Ndauka, fundi baiskeli, banda lake linatazamana na baraza ya Bi Sikudhani. Kipaji chake ni jicho. Rimu ikiyumba unene wa unywele, yeye anaiona akiwa amekaa ng'ambo anakunywa uji.

Wa tatu ni Sijali, msuka vitanda vya kamba, ambaye pia yumo bendini, na ndiye aliyekuwa akishika besi Shomari akienda kuswali. Kipaji chake ni kidole gumba. Alijua kamba ikikazwa mno, kitanda kinakutupa, na ikilegezwa mno, unalala chini. Katikati pana mahali pamoja tu ambapo mwili unapumzika.

Eda ilipokwisha, Bi Sikudhani alitoka uani asubuhi, akakaa kwenye benchi bila viatu, akatangaza wosia. Watu wakajaa hadi ukutani, na bendi ikaja na magitaa yake.

Havijawa akatangulia. Akafungua kopo la maziwa, mkatoka nyuzi nne nyeusi zimejiviringa kama nyoka waliolala.

"Nilizitoa jaani siku ileile, dada. Nikazipangusa kwa khanga yangu."

"Na jaani kwangu ulifuata nini?" Bi Sikudhani akamuuliza.

"Nilifuata cha mume wangu. Wewe ulifuata nini kwangu mwaka ule wa mafuriko?"

Watu uani wakaangua kicheko. Nyuzi zikafungwa, Sijali akapiga. Bi Sikudhani akafumba macho. Kitu kilimgusa kisiginoni, kwa mbali. "Yuko barabarani," akasema. "Namtambua mwendo."

Ndauka akafuata. Akaweka jicho kwenye shingo ya gitaa kama mtu anayetazama ndani ya bomba. "Mama, shingo imepinda. Nyuzi zimesimama juu, panya anapita chini yake." Akatoa ufunguo mdogo wa baiskeli, akauingiza kwenye chuma kilichomo ndani ya shingo, akazungusha robo, akatazama, akazungusha robo tena. Shingo ikalala. Sijali akapiga, sasa kidole hakishindani. Sauti ikapanda, ikafika magotini kwa Bi Sikudhani. "Yuko mlangoni," akasema. "Mbona haingii?"

Hapo Sijali akaacha kupiga. Akabonyeza uzi mnene kwa gumba, akauachia. "Bado unanitupa. Kanjenje tangu apandishe magitaa ya bendi sauti ya juu, tunakaza nyuzi kupita zamani." Akalegeza uzi mmoja kidogo, akabonyeza. Akalegeza tena, hadi ukaanza kugonga vyuma vya shingoni, akarudi nyuma kiasi cha pumzi. Nyingine tatu vivyo hivyo. Magitaa mengine ya bendi yakashusha sauti kumfuata. Kisha akapiga sauti moja tu, nene, ya polepole.

Maji yaliyokuwa kwenye kata yakafanya duara. Mtoto mgongoni mwa mamaye akageuza shingo kutafuta aliyemwita. Havijawa akashika ukuta. Na Bi Sikudhani, sauti ikiwa imempita kisigino na goti na mifupa ya kiuno na kukaa kifuani mahali pake, akasema kwa upole kama mke anayefungua mlango, "Umechelewa."

Nywele za mikono ziliwasimama hata wale waliokuja kwa ajili ya pilau.

Baadaye ndipo maneno yakaanza.

"Bila nyuzi mngepiga nini?" akasema Havijawa. "Sijali alilegeza zile mpya mwezi uliopita, zikabaki ngumu na bubu."

"Bila shingo, nyuzi zako ni za kuanikia samaki," akasema Ndauka.

"Na wewe si uliinyoosha kabla ya Ramadhani?" akasema Sijali. "Ikapinda tena kufika Ijumaa. Aliyemwingiza mzee ndani ni gumba hili."

"Aliingia kwa mlango wangu."

"Akitokea barabara yangu."

Bi Sikudhani aliwasoma midomo mmoja mmoja, na kila mmoja alisema kweli. Akajua pia jambo ambalo midomo haikusema. Havijawa akipewa, ataliweka Mafisa ukutani, nyuzi zipoe. Sijali akipewa, Jumatatu bendi inahamia Dodoma, na sauti itakwenda kukaa vifuani mwa watu wengine. Ndauka akipewa, gitaa litabaki ng'ambo ya barabara, ila Ndauka hajui kupiga. Atalipiga kama pampu.

Akaweka kiganja juu ya nyuzi nne. Zilikuwa bado zinatetemeka. Akakiacha hapo mpaka zikatulia.

"Kesho asubuhi nitasema," akasema.

Basi kesho yake ndiyo leo, na mama wa watu kakaa benchini anatazama midomo yenu. Aliyeokota nyuzi, aliyenyoosha shingo, aliyejua pa kulegeza: mmoja wao lazima aondoke na gitaa, na wosia wa maiti hauvunjwi. Wewe uliyekaa karibu na mlango, usiniangalie mimi. Weka kiganja kifuani kwanza, halafu uniambie: ungempa nani?