Beberu wa Mzee Mrindoko

Hii nimeletewa asubuhi hii na shangazi yangu, nikaona nisikae nayo peke yangu. Isome taratibu, hasa kama kwenu kuna anayesubiri mtoto.

Huko milimani Upareni aliishi mkulima mmoja, Mzee Mrindoko. Mkwewe Nambike, mke wa mwanawe Togolai, alikuwa na mabinti watatu, na sasa alikuwa na mimba nyingine. Kwao mwanamke akijifungua huchinjiwa, anywe supu arudishe nguvu. Mara zote tatu Nambike alichinjiwa kuku.

Mara hii mzee alifuga beberu. Alimlisha mwenyewe, akanona mpaka akawa anatembea kwa uvivu. Kila mgeni alipelekwa zizini kumwona.

"Huyu ni wa mvulana," mzee alisema, tena kwa sauti. "Akiwa msichana, jogoo yupo."

Nambike aliyasikia hayo kila siku akiwa jikoni. Uchungu ulipomshika, wakati wa kupanda gari la kwenda hospitali, alimshika mama mkwe wake mkono.

"Mama, akiwa msichana tena, tutamwambiaje baba?"

"Twende kwanza, mwanangu," Bi Naetwe akamjibu.

Sasa hapa nieleze jambo moja. Kama ilivyo katika nyumba nyingi, Bi Naetwe aliwatania wajukuu. Wa kike aliwaita "mke mwenzangu", na wa kiume wa jirani akipita alimwita "mume wangu". Lakini mume wake mwenyewe alimwita Baba Togolai tu. Tangu Togolai azaliwe, mzee hakuwahi kumsikia akimwita kwa jina lingine.

Siku ya pili, karibu na adhuhuri, simu ya mzee ikaita. Mtandao wa huko unajulikana. Alisikia sauti ya mkewe ikikatika kwa kilio: "Mume wangu! Tunaye! Tunaye!" Kisha simu ikakatika.

Mzee aliruka kama kijana. Mume wangu! Mwanamume amezaliwa! Beberu akachinjwa saa ile ile. Majirani wakaitwa, vigelegele vikapigwa, nyama ikawekwa jikoni. Supu ya kwanza ikatiwa kwenye chupa ya chai, na mzee akapanda bodaboda, chupa ameikumbatia kifuani.

Alimkuta mkewe kwenye benchi nje ya wodi. Kanga yake ilikuwa na damu.

"Yuko wapi huyo mume wako mdogo?" mzee akauliza huku anacheka.

"Mume gani?"

"Si umenipigia ukasema mume wangu tunaye?"

Bi Naetwe akamwangalia. "Mume wangu si wewe? Nilikuwa nakuita wewe."

Mzee akabaki ameshika chupa. "Sasa tunaye nani?"

"Nambike! Alitokwa na damu mpaka wakamtoa Togolai nje. Nilijua tutarudi nyumbani na kichanga peke yake. Waliponiambia amefumbua macho, nikashika simu. Hilo Baba Togolai halikunijia mdomoni."

Mzee akakaa. Baada ya miaka yote ile, siku mkewe alipomwita mume wangu, yeye alidhani anaitwa mtu mwingine. Akamwazia mkwewe aliyeingia leba akiwa na hofu ya kifo na hofu ya baba mkwe. Machozi yakamtoka, na hakuyaficha.

Walipoingia wodini, Nambike aligeuza uso ukutani.

"Baba, nisamehe. Ni msichana tena."

"Usiniombe msamaha, mwanangu. Mimi ndiye ninayekuomba wewe." Akamimina supu kikombeni, akampa kwa mikono miwili. "Kunywa."

Nambike akaonja, akasita. "Hii si ya kuku."

"Ni ya beberu."

"Lakini beberu si alikuwa wa mvulana?"

"Nani alisema?" mzee akauliza.

"Wewe!" Bi Naetwe akajibu, na wote wakacheka, hata Nambike, ingawa kucheka kulimuuma.

Kisha mzee akapewa mtoto. Alikuwa na nywele nyingi na amekunja uso kwa hasira. "Karibu, mchumba wangu," akamwambia. "Umekuja na mama yako. Ahsante."

Jioni alirudi nyumbani. Majirani walikuwa bado wanakula nyama, wakamkimbilia.

"Mzee, tuambie! Tumepata nini?"

"Tumewapata wote wawili."

"Mapacha?" Vigelegele vikaanza upya.

Mzee akangoja vikatulia.

"Hapana," akasema. "Mama na mtoto."

Jirani mmoja, ambaye mkewe alikwenda kujifungua miaka ya nyuma na hakurudi, aliweka sahani yake chini, akaja akamshika mzee mkono kwa muda mrefu.

Funzo: Kabla ya kuuliza "amepata nini?", uliza "mama anaendeleaje?" Ukijibiwa kwamba wote ni wazima, mshukuru Mungu hapo hapo na uchinje ulichonacho, kwa maana uzima huo ndio wengine waliouomba wakaukosa.