Wimbo Uliomtafuta Sangiwa

Paukwa!

— Pakawa!

Nimesema paukwa, na wale wa nyuma nao waitike!

— Pakawa!

Haya, sogeeni, moto ni wetu sote. Hapo zamani za kale palikuwa na mlima uitwao Ngwasi. Mlima huo ulikuwa na mapango, mapango, mapango! Ulitoboka kama sega la nyuki. Na huko ndani mapango yalishikana kwa vijinjia vyembamba, vya kupita sauti tu.

Chini ya mlima waliishi Nakijwa na mumewe Sangiwa. Sangiwa alikuwa mtu wa ng'ombe, na ng'ombe hupenda magadi, na magadi yalikuwa mapangoni. Asubuhi moja akamwambia mkewe, "Mama Kajiru, naenda kuchimba magadi kidogo."

"Pango lipi, Baba Kajiru?"

"Lolote nitakaloliona zuri."

"Nitajie, bwana! Mvua imekaribia. Ikinyesha, mapango yale hujaa kama mitungi."

"Ah, wewe nawe!" Akacheka, akabeba jembe lake, akaenda zake.

Mchana hakurudi. Jioni hakurudi. Alfajiri hakurudi. Nakijwa akakimbia hadi mlimani, akapaza sauti, "Baba Kajiru eee!"

Na Sangiwa akaitika! Alikuwa hai, jamani. Jiwe lilikuwa limeporomoka likamzibia njia. Lakini sauti yake ilipita kwenye vile vijinjia, ikatokea katika milango yote kwa pamoja: "Niko hapa! Niko hapa! Niko hapa!"

Hapa wapi? Kila pango lilisema hapa.

Jumbe Mkwizu, mkuu wa kijiji, akaja na watu wake na majembe. Akaja pia Muhanga, yule mnyama mwenye masikio marefu na makucha ya kuchimba, maana alikuwa rafiki mkubwa wa Sangiwa.

"Tuanze hili, twende lile, twende na lile," akasema Jumbe. "Hakuna njia nyingine, mwanangu."

Nakijwa akatazama wingu jeusi lililokuwa likijikusanya upande wa tambarare. "Baba, kwa njia hiyo mvua itamfikia kabla yetu."

"Sasa tufanyeje? Mtu huingia mlango mmoja kwa mara moja."

Wakaingia la kwanza, tupu. Wakaingia la pili, tupu. Wakaingia la tatu, tupu. Nakijwa akakaa juu ya jiwe, akalia, "Yuko wapi? Yuko wapi?"

Mlima ukajibu, "Wapi? Wapi?"

Nakijwa akapandwa na hasira. "Mimi nakuuliza wewe, na wewe unaniuliza mimi!"

"Nisamehe, mama," ikasema sauti kutoka kila upande. "Ndiyo desturi yangu. Mimi ni Mwangwi, na nyumba yangu ndiyo hii."

"Pango lipi?"

"Yote. Nisipotazamwa, niko katika mapango yote kwa pamoja. Nikitazamwa, nakuwa katika moja tu."

Nakijwa akaruka juu. "Kama uko kote, basi umemwona mume wangu! Nioneshe!"

"Nimemgusa, ndiyo. Lakini nimegusa na pale asipokuwepo, na sauti zangu zote zina nguvu sawa. Ukinitazama sasa nitaangukia pango lolote, kama punje iliyorushwa gizani. Kuwa kote peke yake hakukusaidii kitu."

"Ni nini basi kitakachonisaidia?"

"Wimbo. Umewahi kurusha mawe mawili bwawani? Wimbi moja likipanda pale ambapo jingine linashuka, yanafutana. Yakipanda pamoja, yanainuka zaidi. Watu wote waupe mlima mgongo, waimbe. Mimi nitauingiza wimbo katika mapango yote. Penye mtu mwenye pumzi, wimbo utapinduka, kipando kiwe kishuko. Kisha nitazikusanya sauti zote, nizigonganishe. Za mapango matupu zitapunguzana nguvu, ile iliyopinduka itakua. Mzunguko mmoja wa wimbo hautoshi, sauti inakua kidogo tu. Imbeni tena na tena. Halafu mgeuke mnitazame."

"Utakuwa pale alipo?"

"Siapi, mama. Huenda sana nikawa pale. Ila msigeuke mapema."

Nakijwa akawakusanya watu. Wanawake walikuwa wamebandika chungu cha maji kwa ajili ya wachimbaji. Wote wakaupa mlima mgongo, wakaukabili moto, wakaimba:

*Ingia kote, ingia kote,*
*patupu pafute patupu,*
*penye pumzi pabaki.*

Wakaimba, wakaimba. Maji ya chunguni yakaanza kuchemka. Muhanga akawashwa na shingo. Alitaka kuchimba, makucha yalikuwa yakimkereketa. Akageuza jicho moja tu, kidogo tu.

Papo hapo wimbo ukakatika. Mwangwi akaonekana kama ukungu mweupe mlangoni mwa pango moja la chini. Muhanga akatimua mbio, akachimba, vumbi likaruka. Tupu!

"Shemeji, nimekosa," akasema, masikio yameanguka. "Nilidhani ni tayari."

"Nyamaza, shemeji. Turudie."

Mara ya pili Jumbe akatoa amri: "Safari hii asigeuke mtu! Tutaimba mpaka koo zikauke. Wimbo ukizidi, nguvu inazidi!" Wakabandika maharage, wakaimba:

*Ingia kote, ingia kote,*
*patupu pafute patupu,*
*penye pumzi pabaki.*

Wakaimba mpaka maharage yakaiva, yakapondeka. Wakageuka. Mwangwi alikuwa kwenye pango la kusini. Wakachimba watu wote, Muhanga mbele. Tupu!

Ngurumo ikasikika. Kutoka katika milango yote sauti ya Sangiwa ikaja, hafifu kuliko alfajiri: "Niko hapa. Niko hapa. Niko hapa."

Nakijwa akaupigia kelele mlima. "Mwangwi! Tumeimba kupita kiasi, na bado umetudanganya!"

"Sikudanganya. Umesema mwenyewe, mmepita kiasi. Wimbo hukua hadi kileleni, na ukizidi kuusukuma huanza kuteremka upande wa pili. Sauti ya pale penye mtu ilikuwa imekua, nanyi mkaimba mpaka ikanywea."

"Na kilele nitakijuaje, kama siruhusiwi kutazama?"

"Hukijui kwa kutazama. Unakijua kwa kuupima mlima kabla ya kuanza. Mapango yakiwa mengi, mizunguko iwe mingi, lakini haihitajiki mingi kama mapango yenyewe."

Nakijwa akashika kichwa. Wakati wa maji kuchemka, mapema mno. Wakati wa maharage kuiva, umechelewa mno. Akautazama mlima huu aliokua chini yake, akaupima kwa macho kutoka ubavu hadi ubavu. Kisha akamenya mihogo, akaibandika motoni.

"Mihogo ikilainika, tunageuka," akasema. "Si kabla, si baadaye."

"Mwanangu, una hakika?" akauliza Jumbe.

"Sina, baba. Imbeni."

*Ingia kote, ingia kote,*
*patupu pafute patupu,*
*penye pumzi pabaki.*

Upepo wa mvua ukaanza kuvuma migongoni mwao. Nakijwa akachoma muhogo kwa kijiti. Mgumu. Wakaimba. Akachoma tena. Mgumu bado. Muhanga alikuwa amejifunika macho kwa masikio yake. Akachoma mara ya tatu, kijiti kikazama.

"Basi!"

"Kidogo tena, wimbo umenoga!" Jumbe akasema.

"Basi, baba! Geukeni!"

Wakageuka. Mwangwi alikuwa juu kabisa, kwenye ufa mwembamba chini ya jabali, pahali ambapo hakuna aliyepafikiria.

"Pale?" Jumbe akashangaa. "Pale hata mbuzi hapiti!"

Muhanga hakungoja. Akapanda, akachimba, akachimba, akachimba, mpaka makucha yakagonga jiwe. Akagonga mara moja, akaliegemezea sikio. Kisha akapiga ukelele: "Shemeji! Jiwe linagonga pia!"

Wote wakapanda kwa mikono na magoti. Matone ya kwanza yakaanguka wakati wanaume wakisukuma lile jiwe. Likayumba, likayumba, likabingirika. Mkono ukatokea, umepauka kwa magadi. Nakijwa akaushika, akavuta, na mumewe akatoka mzima mzima, macho yamefumbwa kwa mwanga.

"Mama Kajiru," akasema kwa sauti iliyokauka, "nilikuwa naitika kila ulipoita."

"Tulikusikia, Baba Kajiru. Tulikusikia mno."

Wakateremka wakajibanza chini ya jabali jingine, na mvua ikaja kwa nguvu zake zote. Mapango yakajaa moja baada ya jingine, na ule ufa wa juu ukatapika maji mekundu. Waliyaangalia hayo maji. Halafu Jumbe Mkwizu akaanza kucheka, Muhanga naye akacheka, na Nakijwa akacheka mpaka akakaa matopeni akilia na kucheka kwa pamoja. Pumzi aliyokuwa ameizuia tangu jana yake ikatoka yote.

Mvua ilipopungua, akamshika mumewe mkono wakaenda nyumbani. Njia nzima hakumwachia. Hata mlangoni hakumwachia, na mlango wao ulikuwa mwembamba, ikabidi wapite kiubavu, wote wawili kwa pamoja.

Nami hadithi yangu naiachia papo hapo walipoingia ndani. Lala salama, kila aliye na nyumba ya kurudi.